Nani Atamwuliza Mwanafunzi Aliye Mbali?

Mwezi uliopita nilikuja shuleni kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani. Baada ya chakula vijana watatu wa kidato cha sita walinifuata chini ya mwembe, wakaniuliza habari za Chuo Kikuu. Walikuwa wamesikia ya kuwa siku hizi mtu aweza kupata shahada naye yuko kwao, kwa simu na kompyuta, au katika tawi la chuo lililo karibu, bila kwenda Kampala kupanga chumba. Mmoja wao akasema, "Basi, Mwalimu, kazi imekuwa rahisi." Sikupata nafasi ya kumjibu, maana gari la kurudi Tororo lilikuwa likipiga honi, nami nilikuwa nimekwisha lipa nauli. Nikamwahidi kwamba nitamjibu katika gazeti letu.

Jibu langu ni kwamba kazi haikuwa rahisi hata kidogo, ila ugumu wake umehama. Wakati wa baba zetu ugumu ulikuwa katika kuingia. Nafasi zilikuwa chache, na aliyekosa alikosa. Siku hizi mlango u wazi kwa wengi, na ugumu uko ndani: ni kuendelea. Wanaoanza ni wengi, wanaofika mwisho ni wachache, na katika hao wanaoachia njiani wako wengi ambao hawakushindwa na masomo. Waliacha tu. Siku moja hawakufungua kitabu, na siku ya pili vivyo hivyo, na hapakuwa na mtu aliyejua.

Nataka kusema juu ya hao, kwa kuwa nilikuwa mmoja wao.

Ninyi mlio bwenini mwaweza kudhani ya kuwa bidii mliyo nayo ni mali yenu wenyewe. Nami nilidhani hivyo. Saa kumi na moja alfajiri kengele hulia. Saa moja ya usiku hulia tena kwa masomo ya jioni. Kiranja hupita na tochi yake. Jirani yako kwenye dawati amekwisha fika hesabu ya kumi nawe ungali katika ya nne, ukaona haya ukakaza mwendo. Kesho yake mwalimu hukurudishia daftari nalo limejaa wino mwekundu. Mtu akiishi miaka sita katika mambo hayo hujiona kuwa ni mtu wa bidii. Kumbe sehemu kubwa ya bidii ile ni ya kengele, na ya jirani, na ya wino mwekundu. Sisemi hivi kwa kuwadharau. Nasema mkague mizigo yenu kabla ya safari, mjue kipi ni chenu na kipi ni cha shule, maana cha shule kitabaki shuleni.

Mimi nilipomaliza hapa nilikwenda chuo cha ualimu, kisha nikapata kazi katika shule ya msingi kijijini. Mwaka 2014 nikajiandikisha kusoma shahada ya ualimu nikiwa kazini, katika chuo kimoja ambacho sitakitaja jina. Ada ya muhula wa kwanza nililipa kwa fedha za ng'ombe wa baba. Nikapewa vitabu vinne vya karatasi zilizobanwa kwa pini, na neno la siri la kuingilia katika tovuti ya chuo. Miezi miwili ya kwanza nilisoma kama mtu aliyepandwa na pepo. Niliandika kazi yangu ya kwanza, kurasa kumi na mbili juu ya jinsi mtoto anavyojifunza kuhesabu, nikatia ndani yake mambo niliyoyaona kwa macho yangu darasani, nikaipeleka mwezi wa Machi. Aprili ikapita. Juni ikapita. Nilipouliza kwa simu niliambiwa nivute subira. Kazi ilirudi mwezi wa Novemba, nayo imeandikwa kitu kimoja tu: 14 kwa 30. Hapakuwa na neno jingine, si "vema" wala si "hapa umekosea". Hata leo sijui kama yule aliyeisahihisha aliisoma.

Sikukasirika. Afadhali ningekasirika. Nilichofanya ni kukiweka kitabu cha pili juu ya kabati, nikisema nitakishusha baada ya mitihani ya watoto. Panya walikishusha kabla yangu. Ng'ombe wa baba alikwenda hivyo, na mzee hakuniuliza habari zake hata mara moja, jambo ambalo liliniuma kuliko kama angaliuliza.

Hapa mtu atasema, "Wewe ulikuwa mvivu." Labda. Lakini nikitazama habari za wengine naona kwamba neno hilo uvivu halitoshi.

Kusoma mbali na mwalimu si jambo jipya. Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake mwaka 1858 kwa watu waliosoma po pote, hata waliosoma peke yao nyumbani. Uingereza ilipounda Chuo Kikuu Huria mwaka 1969, na wanafunzi wa kwanza wakaanza masomo mwaka 1971, ulimwengu ulisifu sana vipindi vya televisheni vilivyopelekwa hewani na BBC. Lakini waliokipanga chuo kile walijua zaidi ya hayo. Kila mwanafunzi alipewa mwalimu wake, mtu mwenye jina, wa kusoma kazi zake na kuzijibu kwa maandishi. Palikuwa na vyumba vya kukutania mijini. Na wakati wa kiangazi wanafunzi walikusanyika kwa juma zima wakasoma pamoja, wakala pamoja. Televisheni ndiyo iliyoonekana. Yule mwalimu mwenye kalamu ndiye aliyefanya kazi. Jirani zetu wa Tanzania nao, walipounda Chuo Kikuu Huria chao kwa sheria ya mwaka 1992, walikipa vituo mikoani, na nadhani waliongozwa na fikira ile ile.

Sasa linganisheni na hili. Mwaka 2011 walimu wawili, Sebastian Thrun na Peter Norvig, walitoa bure kwa njia ya intaneti somo la Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, juu ya akili bandia. Watu kama 160,000 walijiandikisha, kutoka pande zote za dunia. Waliomaliza walikuwa zaidi kidogo ya 20,000, yaani mmoja katika kila saba au wanane. Walimu wale walikuwa hodari, somo lenyewe lilikuwa linazungumzwa kila mahali, na hapakuwa na ada. Je, wote wale waliobaki njiani walikuwa wavivu? Wako waliokuja kuchungulia tu, na hao hawana deni kwa mtu. Lakini siwezi kusadiki kwamba hao ndio wote. Walikuwamo watu kama mimi, waliokaa usiku na taa yao, wakaandika jibu, na jibu lile likasahihishwa na mtambo usiojua kama aliyeliandika yu hai.

Kila nikisema haya, mzee mmoja wa chama chetu husimama akasema, "Mandela alisomea gerezani, ninyi mna simu mkononi na mwashindwa!" Nimelisikia neno hili mara nyingi hata nikaamua kulifuatilia. Ni kweli kwamba Mandela alipata shahada ya sheria mwaka 1989, angali mfungwa, kutoka Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kiitwacho UNISA, ambacho kilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946. Lakini masomo ya sheria aliyaanza mwaka 1943 katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, akaondoka pale bila shahada. Gerezani alijaribu masomo ya London kwa posta, na wakubwa wa gereza wakamnyima ruhusa ya kusoma kwa muda wa miaka minne. Tangu kuanza mpaka kumaliza ni miaka 46. Tena katika kisiwa cha Robben hakusoma peke yake. Wafungwa walifundishana: aliyejua historia aliwafundisha wenziwe historia, na penye machimbo ya chokaa walibishana huku wakipiga sururu, hata watu wakapaita mahali pale Chuo Kikuu. Kwa hiyo mzee wangu akimtaja Mandela ananisaidia mimi, hajisaidii yeye.

Wataalamu nao wamelichungua jambo hili la hamu ya kazi. Edward Deci, Mmarekani, alitangaza mwaka 1971 majaribio aliyowafanyia wanafunzi wa chuo. Aliwapa mafumbo ya kupanga vipande mpaka vifanye umbo fulani. Baadhi yao aliwalipa fedha kwa kila fumbo walilofumbua, wengine hakuwalipa, kisha wakaachwa peke yao kidogo, huku wakitazamwa kama wataendelea kwa hiari yao. Waliokwisha onja fedha, fedha ilipokoma, hamu yao ilipungua. Lakini walioambiwa kwa maneno tu kwamba wamefanya vizuri, hamu yao ilizidi. Baadaye yeye na mwenzake Richard Ryan waliandika kwamba mtu huhitaji mambo matatu ili afanye kazi kwa moyo wake mwenyewe: aone kwamba yeye ndiye aliyeichagua, aone kwamba anaiweza, na aone kwamba yuko pamoja na watu wanaomjali.

Jipimeni kwa mambo hayo matatu. Mwanafunzi wa mbali la kwanza analo, tena tele. Hakuna aliyemburuta, amechagua mwenyewe, hata ng'ombe ameuzwa. La pili hawezi kujipa; sharti aambiwe na mtu ajuaye kazi, tena aambiwe angali anakumbuka alichoandika. Na la tatu ndilo chuo hudhani si kazi yake.

Badala ya hayo vyuo vimechagua kuhesabu. Mtambo huandika mara ngapi umeingia katika tovuti, na wako walimu watoao alama mbili kwa kila aandikaye neno katika baraza la majadiliano. Nimewaona watu wakiandika "Nakubaliana na mwenzangu" mara kumi kwa jioni moja, naye huyo mwenzao alikuwa amekubaliana na mwingine, na wa kwanza kabisa hakuwa amesema kitu. Nimemwona mtu akifungua somo katika simu, akaiweka dirishani iendelee kusema, akaenda kuchota maji. Mtambo ulimwandika kuwa amehudhuria. Haya yote ni kengele bila shule.

Sitaki kupita bila kutaja fedha, maana wengine watadhani nimezisahau. Katika Uganda tulitozwa shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii tangu Julai 2018, na kodi hiyo ilipoondolewa, Julai 2021, ikaja nyingine ya asilimia 12 juu ya bei ya intaneti yenyewe. Mwalimu wa shule ya msingi apakuaye mhadhara wa saa moja hulijua jambo hili kuliko waziri. Intaneti ikiwa ghali wengi wataacha, na yafaa tuseme hivyo kwa sauti. Lakini nimewaona pia wenye kazi nzuri, wenye intaneti ya ofisi wasiyoilipia, wakaacha katika muhula ule ule niliouacha mimi.

Kijana wa pili chini ya mwembe aliuliza juu ya matawi. Alisema, "Mimi sitasoma kwa simu, nitakwenda tawini, huko kuna darasa." Ni kweli, tawi lina kuta, lina viti, na lina wenzako. Hata hivyo si matawi yote yaliyo sawa, na hapa yafaa kukumbuka historia yetu.

Tangu mwaka 1963 mpaka 1970 nchi zetu tatu zilikuwa na chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, chenye vyuo vitatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Aliyetaka kuwa mhandisi alikwenda Nairobi, aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, na kilimo kilikuwa Makerere. Chuo kile kilivunjika kwa sababu za serikali, kila nchi ikataka chake, na sitaki kuyafufua hayo. Ninalotaka mlione ni kwamba kijana aliyepanda gari-moshi kwenda Nairobi hakujiona mtoto wa kambo. Pale ndipo somo lake lilipokuwa na nyumba. Walimu wake walilala pale, na mitambo yake ilikuwa pale.

Karibu nasi, Chuo Kikuu cha Busitema kilipoundwa mwaka 2007 kilipangwa kwa namna kama hiyo: udaktari Mbale, kilimo Arapai, ualimu wa sayansi Nagongera, uhandisi Busitema penyewe. (Na Namasagali, ambako wengi mnakujua kwa habari za shule iliyokuwako, palikuwa mwisho wa reli iliyotoka Jinja na bandari ya meli za mto, leo ni tawi la chuo. Mahali nako huendelea kusoma.) Mpango wa namna hii una taabu zake, hasa za usafiri, lakini kila tawi lina jambo ambalo lenyewe ndilo makao yake.

Kuna tawi la namna nyingine, lililo kama kibanda cha duka kubwa. Mwalimu hutoka mji mkuu Ijumaa, akafika jioni amechoka, akafundisha saa sita mfululizo siku ya pili, huku akitazama saa yake kwa ajili ya basi. Swali lililokujia Jumatatu hulala nawe mpaka Jumamosi. Alama zako ziko makao makuu; faili lako likipotea lilipotelea huko. Siku hizi ni afadhali au ni vibaya zaidi, sijui: mwalimu haji kabisa, ila huonekana katika kioo, akiwasomesha watu wa matawi matatu kwa wakati mmoja. Walio chumbani mwake humwuliza maswali. Wa matawini hukohoa tu.

Basi kijana akiniuliza achague tawi gani, namwambia asitazame rangi ya jengo. Aende pale siku ya Jumatano, si siku ya kufungua chuo, akaulize swali moja: ni walimu wangapi wa somo langu wanaolala katika mji huu? Akijibiwa "wote", na akipate chumba. Akijibiwa kwa maneno mengi, afikiri tena.

Sasa nirudi kwangu. Mwaka 2018 nilianza tena, katika chuo kingine. Sikuwa na akili mpya wala moyo mpya. Nilikuwa na miaka minne zaidi na mtoto wa pili. Kilichobadilika ni kwamba nilikutana na watu wawili. Mmoja alikuwa muuguzi katika kituo cha afya, tukimwita Sista, naye alikuwa akisoma shahada ya uuguzi. Wa pili alikuwa karani wa kampuni ya kupitisha mizigo mpakani Malaba, naye akisoma biashara. Masomo yetu hayakufanana hata kidogo, na vyuo vyetu vilikuwa vitatu mbalimbali. Mjomba wake Sista ana duka la vitambaa mjini, akatupa nafasi katika ghala, meza moja na viti vitatu, kila Jumamosi saa nane. Hatukufundishana kitu, maana nani angemfundisha mwenzake? Kila mtu alisoma kitabu chake. Lakini kabla ya kuketi kila mtu alieleza alichosoma juma lile, na wawili wasiojua kitu walimwuliza. Ajabu ni kwamba asiyejua huuliza maswali magumu kuliko ajuaye.

Machi 2020 nchi ikafungwa kwa sababu ya korona. Shule zikafungwa tarehe 20 ya mwezi ule, na wako watoto wa madarasa ya chini ambao hawakurudi shuleni mpaka tarehe 10 Januari, 2022. Ninyi mlikuwa miongoni mwao, sina haja ya kuwasimulia. Ghala likafungwa. Vyuo vyetu vyote vitatu vikasema tutasoma kwa mtandao, kana kwamba tulikuwa tunasoma kwa kitu gani kabla yake. Nikajua kwamba kitabu kitapanda tena juu ya kabati.

Sista ndiye aliyenizuia. Alikuwa kazini mchana, tena katika kazi ya hatari, na saa tatu usiku hupiga simu. Hakusalimu sana. "Umefika ukurasa wa ngapi, Mwalimu?" Basi. Ningesema ukurasa, naye angetaja wake, tukakata. Simu yenyewe haikuzidi dakika mbili. Usiku mmoja nilimdanganya, nikasema ukurasa wa 40, nami nilikuwa ningali katika wa 12. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, wa 40 unasema nini?" Sikudanganya tena. Nataka mwelewe kwamba sikusoma kwa kumwogopa; hakuwa mkubwa wangu, wala hakuwa na fimbo. Nilisoma kwa kuwa palikuwa na mtu mmoja duniani, naye amechoka kuliko mimi, aliyetaka kujua nimefika wapi. Nilipata shahada yangu mwaka 2022. Yeye alinitangulia kwa miezi mitano.

Karani hakumaliza. Mwaka ule wa 2020 madereva wa malori walipimwa korona mpakani, na foleni ya malori Malaba ikawa ya maili nyingi. Kazi yake ikawa ya usiku na mchana. Alipokosa kupokea simu tulimpigia tena. Tukampigia wiki mbili, labda tatu. Kisha tukaona tunamsumbua, tukaacha. Tuliita hiyo heshima. Sista na mimi tumelizungumza jambo hili mara nyingi tangu siku zile, wala hatujapata namna ya kujitetea. Yule tuliyeacha kumwuliza ndiye aliyeacha kusoma.

Kwa hiyo vyuo nataka vitu viwili tu, na nitavisema kwa ufupi maana wenye vyuo hawasomi gazeti hili. Kazi ya mwanafunzi irudi katika majuma matatu, nayo ina maneno, si tarakimu pekee. Na kila mwanafunzi wa mbali awe na mwalimu mmoja anayemjua kwa jina. Ikiwa chuo hakina walimu wa kutosha kwa jambo hilo, basi kimeandikisha wanafunzi kuliko kinavyoweza, hata kama tovuti yake yaweza kuwapokea milioni.

Lakini chama chetu cha wanafunzi wa zamani nakidai zaidi, kwa kuwa kinasoma. Katika mkutano ule tulichanga fedha za lango jipya la shule. Sina ugomvi na lango. Walakini kila mwaka vijana hutoka kwa lango lile la zamani, wengine wakaenda kusoma kwa simu katika vijiji na miji ambako mmoja wetu anakaa, mara nyingine nyumba ya tatu kutoka kwao, na hatujui. Napendekeza katibu awe na daftari. Kijana akimaliza aandike mahali anapokwenda na somo analolisoma, nasi tumtafutie mtu mmoja wa zamani katika mji ule, awe daktari, awe fundi wa baiskeli, haidhuru. Kazi ya mtu huyo ni kuuliza mara moja kwa juma. Wala asiulize "Masomo yanaendeleaje?" maana kila mtu hujibu "Vizuri". Aulize ukurasa.

Wengine mtasema kwamba mtu mzima wa chuo kikuu hafai kufuatwa hivyo kama mtoto. Nami nilipenda kusema hivyo mwaka 2014, na nilikuwa mtu mzima, na hakuna aliyenifuata.

Meza ya Tororo ipo bado, Jumamosi saa nane, katika ghala nyuma ya duka. Sista sasa anasoma shahada ya pili. Mimi sina ninachokisomea, lakini huenda na madaftari ya watoto nikayasahihisha pale, kwa wino mwekundu. Mwezi uliopita, siku tatu baada ya mkutano wetu, nilimkuta karani penye kituo cha magari nikamwuliza. Alicheka, akasema vitabu vyake anavyo, viko katika sanduku chini ya kitanda, na mahali alipokomea amepakunja. Tumemwambia asije mikono mitupu. Kiti chake hatukumpa mtu.